Khutba ya Ijumaa: Bunduki, Kisasi na Wajibu wa Kusuluhisha

KHUTBA YA KWANZA

Shukrani na sifa njema zote twamwelekezea Mwenyezi Mungu, aliyetuumba kutokana na nafsi moja, akazipa damu zetu heshima, na akatuwekea sheria ili tuishi kwa usalama. Tunakiri kwa ndimi zetu na kwa nyoyo zetu kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke yake, na kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na jamaa zake, na Masahaba zake, na kila aliyefuata nyayo zao hata Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tunaziusia nafsi zetu kwanza, kisha tunakuusieni nyinyi, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri, katika ridhaa na katika hasira. Na hasira tunaitaja kwa makusudi, maana ndiyo mlango wa maneno yetu ya leo.

Ndugu Waislamu, mliohudhuria msikitini na mnaotusikiliza majumbani, leo tunakusudia kuzungumza juu ya damu inayomwagwa kwa bunduki katika miji. Tutaitazama zaidi miji ya Marekani, kwa kuwa huko balaa hili limekuwa kubwa, na huko limechunguzwa na kuandikwa kwa hesabu. Tena huko wako ndugu zetu Waislamu, na miongoni mwao wako wasemao lugha yetu hii, waliotoka pwani yetu, na Kongo, na kambi za wakimbizi, nao wanalea watoto wao katika mitaa hiyo hiyo. Wahenga wetu wametufunza kwamba mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Hesabu yenyewe ni hii. Katika mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki nchini Marekani. Zaidi ya 26,000 katika hao walijiua wenyewe, na karibu 21,000 waliuawa na binadamu wenzao. Mwaka uliotangulia, yaani 2020, bunduki ilizipita ajali za magari, ikawa sababu ya kwanza ya vifo vya watoto na vijana wa nchi hiyo, tangu mwenye umri wa mwaka 1 hata mwenye miaka 19. Katika mji mmoja tu wa Chicago waliuawa watu 970 mwaka 1974, na mwaka 2021 waliuawa karibu 800, wengi wao kwa risasi. Miaka iliyofuata idadi hiyo ilishuka, na mwaka 2024 ikawa chini ya 600. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa upungufu huo. Lakini 600 pungufu kidogo ni majeneza mangapi? Ni mama wangapi waliokesha wakimngoja mwana asiyerudi?

Ndugu zangu, mtu asikiapo habari kama hizi huwa mwepesi kusema: watu wa mji ule ni waovu, au kizazi hiki kimeharibika, hakina dawa. Kauli hiyo ina hatari mbili. Ya kwanza, si kweli. Ya pili, humvua msemaji jukumu lake, kwani akishasema hakuna dawa, hatakwenda kuitafuta.

Tazameni mji wa Boston. Mwaka 1990 waliuawa watu 152 katika mji huo, na hofu ikaenea hata watu wakaona kama kwamba kila kijana wa mitaa ya maskini ni muuaji. Baadaye wachunguzi waliketi pamoja na polisi na watu waijuao mitaa, wakahesabu. Waliona kwamba palikuwa na magenge 61, yenye vijana wapatao 1,300, ambao hawakufikia hata mmoja katika kila vijana mia wa mji ule. Na wachache hao walihusika na mauaji ya vijana kwa kiasi kisichopungua asilimia 60. Maana yake ni kwamba vijana 99 katika kila mia walikuwa wakibeba sifa mbaya ya mmoja. Na huyo mmoja naye alikuwa na jina, na nyumba, na mama, na watu awezao kuwasikiliza.

Kisha sikilizeni habari ya pili, ambayo twaiona kuwa ndiyo kiini cha jambo hili. Huko Chicago, wataalamu waliyachungua matukio 11,123 ya watu kupigwa risasi, tangu mwaka 2006 hata mwaka 2014, wakayatangaza waliyoyaona mwaka 2017. Waliona kwamba risasi hizo zilikwenda kama yaendavyo maradhi ya kuambukiza, kutoka kwa mtu hadi kwa yule aliyefungamana naye. Matukio 63 katika kila mia yaliweza kuelezwa kwa njia hiyo: leo amepigwa fulani, kesho amepigwa mwenziwe. Na muda wa wastani kati ya risasi ya kwanza na ile iliyoifuata ulikuwa siku 125.

Siku 125, ndugu zangu, ni miezi minne na siku kidogo. Tuikumbuke hesabu hii, maana tutairudia.

Sasa tujiulize: ikiwa ni maradhi, basi kimelea chake ni kitu gani? Risasi yenyewe ni kipande cha madini, haina chuki na mtu. Kinachopita kutoka kifuani mwa huyu kwenda kifuani mwa yule ni fedheha na kisasi. Kijana mmoja hutukanwa mbele ya wenzake, ama hunyang'anywa kitu kidogo, ama ndugu yake hupigwa. Usiku watu hukusanyika nyumbani kwake. Mmoja humwambia, "Utanyamaza?" Mwingine humwambia, "Wao wanakucheka." Siku hizi hata hapana haja ya kukusanyika, matusi na kejeli hupitishwa kwa simu na intaneti, yakaonwa na mji mzima kabla ya alfajiri. Kijana huyo pengine hataki kuua. Analotaka ni kuiondoa aibu machoni pa watu. Lakini bastola imo ndani ya nyumba, na hasira imo moyoni, na hapana hata mmoja aliyemwambia, "Keti, mwanangu."

Enyi Waislamu, dini yetu haikuyasikia haya leo. Katika Sura ya Al-Maida, Mwenyezi Mungu ametusimulia habari ya wana wawili wa Adamu. Haikuwa njaa iliyomfanya mmoja amwue nduguye, wala hakuwa akijilinda. Sadaka ya mwenziwe ilikubaliwa na yake ikakataliwa, naye hakuweza kuivumilia fedheha hiyo. Baada ya kisa hicho, katika aya ya 32, Mwenyezi Mungu ametubainishia kwamba mwenye kuiua nafsi moja pasipo haki ni sawa na aliyewaua watu wote, na mwenye kuiokoa nafsi moja ni sawa na aliyewaokoa watu wote. Wengi wetu hulikumbuka fungu la kwanza la mafunzo hayo, tukalisahau la pili. Kuokoa nafsi ni amali inayotakiwa ifanywe, na haitoshi mtu kusema kwamba yeye hajaua.

Na mji wa Madina, ambao leo tunautaja kwa mapenzi, ulikuwaje kabla ya Mtume (S.A.W.) kuhamia? Ulikuwa mji wa visasi. Makabila ya Aus na Khazraj yalipigana miaka mingi, na vita vyao vya mwisho vikubwa vilikuwa vya Buath, miaka michache tu kabla ya Hijra. Kila nyumba ilikuwa na mtu wake aliyeuawa. Mwenyezi Mungu akawaunganisha kwa Uislamu, na katika Sura ya Al Imran aya ya 103 amewakumbusha kwamba walikuwa ukingoni mwa shimo la moto, akawaokoa.

Lakini vitabu vya sira vimesimulia kwamba hata baada ya kuwa Waislamu, siku moja watu wa makabila hayo mawili walikuwa wameketi pamoja kwa furaha. Mtu mmoja aliyeuhusudu umoja wao alimtuma kijana akaketi nao, akawakumbusha siku ya Buath na kuwasomea mashairi yaliyotungwa wakati ule. Wakaanza kujisifu. Kujisifu kukawa matusi. Wakainuka wawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule, wakaambiana kwamba wakitaka watavirudisha vita vile upya. Na watu wakaitana wachukue silaha. Tazameni, ndugu zangu: hapana aliyeuawa siku hiyo, wala mali iliyoibiwa. Palikuwa na maneno matupu juu ya jeraha la zamani, na mji ukawa tayari kumwaga damu.

Mtume (S.A.W.) alifanya nini? Hakungoja mtu auawe kisha ahukumu. Habari zilipomfikia alitoka papo hapo pamoja na Muhajirina, akaenda akasimama baina yao, akawauliza iwapo watarudia mwito wa kijahilia naye yupo kati yao. Silaha zikashushwa. Wakalia, wakakumbatiana, wakarudi pamoja naye. Hilo ndilo funzo letu la leo: risasi huzuiwa na mtu anayesimama katikati wakati wa hasira, kabla mkono haujainuka.

Na siku ya Arafa, katika Hija ya kuaga, mwaka wa 10 wa Hijra, Mtume (S.A.W.) alivifuta visasi vyote vya zama za ujahili. Akaanza na nani? Alianza na damu ya jamaa zake mwenyewe, damu ya mtoto wa Rabia bin al-Harith, aliyeuawa na watu wa Hudhail. Hakuwaambia watu wengine wasamehe huku ukoo wake ukishika kisasi chake. Aliweka chini kisasi cha nyumba yake kwanza.

Ndugu Waislamu, hekima hii Mwenyezi Mungu humwonyesha ampendaye, hata asiyekuwa katika mila yetu. Yupo daktari mmoja wa Chicago, Gary Slutkin, mtaalamu wa maradhi ya kuambukiza. Katika miaka ya 1980 alifanya kazi Somalia, katika makambi ya wakimbizi, akipambana na kifua kikuu na kipindupindu. Waganga walikuwa wachache na wagonjwa walikuwa maelfu. Basi ilibidi wafundishwe wakimbizi wenyewe, ili wawaendee jamaa zao katika mahema. Mtu humwamini wa kwao. Baadaye alishughulika na UKIMWI katika Uganda na nchi nyingine za Afrika. Aliporudi kwao katika miaka ya 1990, aliona mauaji ya Chicago yakienda kama alivyoviona vipindupindu vikienda: hutokea mahali pamoja, hukusanyika, kisha huruka.

Mwaka 2000, katika mtaa wa West Garfield Park, alianza kuitumia njia ile ile. Waliajiriwa watu wa mitaa hiyo, baadhi yao wakiwa wamewahi kuwa katika magenge na kufungwa, kisha wakatubu. Kazi yao ni kusikiliza wapi pana ugomvi, na kwenda kabla ya bunduki. Kijana akipigwa risasi, huenda hospitalini, wakakaa na nduguze na rafiki zake kando ya kitanda, saa ile ambayo watu wanapanga nani alipiziwe. Hatusemi kwamba njia hii imefaulu kila ilipotumiwa. Wachunguzi wameona mitaa ambayo risasi zilipungua sana, na mitaa mingine ambayo hazikupungua. Lakini msingi wake ni ule tulioufundishwa. Na tunastahi kuona kwamba jambo lililojifunzwa makambini, kati ya Waislamu wa Somalia, limevuka bahari likawafaa watu wa Chicago, na sisi wenyewe tumelisahau.

Na huko Boston, mwezi wa Mei mwaka 1992, mazishi yalikuwa yakifanywa katika kanisa moja la mtaa wa Mattapan. Vijana wa genge wakaingia humo mbele ya waombolezaji, wakamjeruhi kijana mwenzao kwa kisu. Wachungaji wa mitaa ile waliona haya. Wakasema, ikiwa sisi hatutoki kwenda mitaani, basi mitaa imekuja kwetu. Wakaanza kutembea usiku, wakazungumza na vijana ambao hapana mtu mwingine aliyetaka kuzungumza nao. Mwaka 1996 wachungaji, polisi na wafanya kazi wa jamii waliwaita vijana wa magenge katika mikutano. Waliwaambia mambo matatu: tunakutakeni muwe hai, anayetaka msaada wa kazi na masomo ataupata, na genge litakaloua, sheria itawashukia wote. Mauaji ya vijana kwa mwezi yakapungua kwa asilimia 63. Lakini ilipofika mwaka 2000 hivi, watu walichoka, umoja ukavunjika, na mauaji yakaongezeka tena. Sulhu ni kama sala, haisaliwi mara moja ikatosha kwa umri mzima.

Tunasema kauli yetu hii, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Tunamhimidi Mwenyezi Mungu kwa neema ya Uislamu na neema ya amani. Tunamsalia na kumtakia amani Mtume wake, aliyetumwa kuwa rehema.

Enyi waumini, katika khutba ya kwanza tumesema kwamba ugonjwa ni kisasi na dawa ni kusimama katikati. Sasa tuseme yatupasayo, sisi wenye nyumba na nyinyi wanafunzi. Ni mambo matano.

La kwanza ni ulimi. Mara nyingi bunduki hujazwa risasi na watu ambao hawajapata kuigusa. Ni ami asemaye matangani kwamba damu ya mtu wetu haipotei bure. Ni rafiki anayecheka. Ni mama mwenye uchungu, naye ana haki ya kulia, lakini akatamka mbele ya wanawe neno ambalo hataweza kulirudisha. Sheria yetu haikumnyima walii wa aliyeuawa haki yake. Katika Sura ya Al-Isra aya ya 33 Mwenyezi Mungu amempa nguvu, na papo hapo akamkataza kupita mpaka; na katika Sura ya Al-Baqara aya ya 178 akaufungua mlango wa msamaha, akamwita mwenye kusamehewa kwa jina la ndugu. Haki hiyo iko mbele ya kadhi na mahakama, haiko gizani wala pembeni mwa njia. Na Mtume (S.A.W.) alipoeleza kwamba Waislamu wawili wakikutana kwa panga, mwuaji na mwuawa wote ni wa motoni, aliulizwa juu ya yule aliyeuawa, akajibu kwamba naye alikuwa na pupa ya kumwua mwenziwe.

La pili ni kusuluhisha. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kupatanisha waliogombana kuna daraja iliyozidi ile ya saumu na sala na sadaka. Ametufundisha pia kumnusuru ndugu yetu akidhulumu au akidhulumiwa, na kwamba kumnusuru anayedhulumu ni kuushika mkono wake. Basi wewe mwanafunzi, ukisikia shuleni kwamba fulani anamtafuta fulani, usilifanye kuwa jambo la kutazama na kupiga picha. Mwendee mtu mzima mwenye kusikilizwa. Na sisi wazee, zikumbukeni siku zile 125. Baada ya kila damu, Mwenyezi Mungu hutupa muda. Wanafamilia wa pande mbili wanaweza kuitana mara ngapi katika miezi minne? Imamu anaweza kubisha hodi mara ngapi? Tukishamaliza hitima, tukala wali, tukatawanyika, tunawaachia muda huo wenye kuchochea.

Wala wanawake wasidhani kwamba kazi hii ni ya wanaume peke yao. Katika mji wa Wajir, kaskazini mwa Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1990, koo za Kisomali zilipigana kwa bunduki zilizoenea baada ya dola ya Somalia kuanguka. Chuki ikaingia hata sokoni, mwanamke wa ukoo huu asiweze kumwuzia wa ukoo ule. Wanawake wachache wa koo mbalimbali walikutana, mmoja wao akiwa Bibi Dekha Ibrahim Abdi. Walianza na lililo mkononi mwao: soko. Wakakubaliana kwamba kila mwanamke auze na anunue kwa usalama, wakakaa humo wakalinda ahadi yao. Kisha wakawaendea wazee wa koo, wazee wakakutana, na vijana wakaingizwa, hata ikaundwa kamati ya amani ya wilaya. Bibi huyo alipewa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, na akafariki mwaka 2011. Mwenyezi Mungu amrehemu. Amani ya Wajir ilianzia penye mizani na vikapu.

La tatu ni silaha yenyewe. Mtume (S.A.W.) aliamrisha kwamba mtu apitaye msikitini au sokoni akiwa na mishale, aishike kwenye ncha zake, asije akamjeruhi Mwislamu. Alikataza upanga kukabidhiwa ukiwa wazi, na akahadharisha juu ya kumwelekezea ndugu chuma hata kwa mzaha. Tazameni jinsi alivyozihesabu hatari za mahali penye watu wengi. Katika mji wa Cali, nchini Kolombia, meya wake Rodrigo Guerrero, naye ni daktari, alipiga marufuku katika mwaka 1993 na 1994 kuchukua bunduki hadharani siku za sikukuu na za mwisho wa juma baada ya mishahara, maana ndizo siku za ulevi na magomvi. Bunduki hazikuisha nyumbani mwa watu. Zilizuiwa tu zisiende sokoni. Hata hivyo, mauaji katika siku hizo yalikuwa pungufu kwa asilimia 14 kuliko siku za namna hiyo ambazo hazikuwa na marufuku. Nao mji wa Bogotá uliponifuata nyayo hizo, ukaona upungufu wa asilimia 13.

Kadhalika, bunduki haimei mtaani kama mchicha. Ripoti ya mji wa Chicago ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba karibu 60 katika kila bunduki mia zilizokamatwa katika uhalifu zilinunuliwa kwanza nje ya jimbo lile. Mtu aliuza, akapata faida, akalala usingizi. Wanazuoni wetu wameharimisha kuuza silaha wakati wa fitna, na hapana udhuru kwa asemaye kwamba yeye ni mfanyabiashara tu. Na aliyeruhusiwa na serikali kuwa na silaha, aifungie, na risasi aziweke mbali nayo. Kumbukeni kwamba zaidi ya nusu ya wale 48,830 tuliowataja walijiua wenyewe. Mtu huingiwa na huzuni saa moja, na saa ile ikipita huenda akaishi miaka arobaini. Lakini bunduki iliyo karibu haimpi saa ya pili. Mwenye huzuni nyumbani kwenu msimwache peke yake, wala msimkemee. Mketi naye, mumpeleke kwa tabibu.

La nne ni kazi. Kijana asiye na shughuli hufundishwa na asiyemtakia heri. Katika majira ya kiangazi ya mwaka 2012, huko Chicago, vijana walichaguliwa kwa kura kutoka katika shule 13 za mitaa yenye jeuri nyingi; baadhi yao wakapewa kazi ya kutwa nusu kwa majuma manane, pamoja na mtu mzima wa kuwashauri. Katika miezi 16 iliyofuata, kukamatwa kwao kwa makosa ya kudhuru watu kulikuwa pungufu kwa asilimia 43 kuliko wenzao waliokosa. Majuma manane tu! Na ndugu zetu Waislamu wa mji huo, kupitia jumuiya yao iitwayo Inner-City Muslim Action Network, iliyoasisiwa mwaka 1997, huwapokea watu watokao kifungoni, wakawafundisha useremala na ujenzi kwa kutengeneza nyumba zilizoachwa ukiwa. Je, msikiti wetu una fundi mangapi katika safu zake? Kila fundi akimchukua kijana mmoja, si tumekwisha kuanza?

La tano ni usafi wa mitaa. Mtashangaa kwamba tunalitaja hapa. Mtume (S.A.W.) amelihesabu jambo la kuondoa udhia njiani kuwa ni tawi la imani. Katika mji wa Philadelphia viko viwanja vingi vilivyoachwa, vyenye takataka na vichaka, ambamo watu huficha silaha. Wataalamu walichukua viwanja 541. Vingine vikasafishwa, vikapandwa majani na miti na kuzungushiwa ua mdogo, na vingine vikaachwa kama vilivyo. Matokeo yakatangazwa mwaka 2018: katika mitaa ya maskini kabisa, karibu na viwanja vilivyosafishwa, jeuri ya bunduki ilipungua kwa asilimia 29. Jembe na fagio, ndugu zangu! Wazee walipoanza kuketi nje jioni, waovu waliona kwamba mahali pale pana wenyewe.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tumalizie kwa neno moja la nyumbani. Leo baada ya sala, kila mmoja wetu amkumbuke mtu mmoja ambaye hasemi naye, au watu wawili wa jamaa yake wasiosemezana. Asingoje mpaka wachukue silaha. Aende kwao kabla ya Ijumaa ijayo. Na akiwa kisasi chenyewe ni cha nyumba yake, basi na akiweke chini kwanza, kama alivyofanya Mtume (S.A.W.) siku ya Arafa.

Ewe Mola wetu, zihifadhi damu zetu na za watoto wetu. Wafariji mama waliofiwa, walio karibu nasi na walio mbali. Wape subira wenye kusimama katikati, uwalinde na shari. Waongoze viongozi wetu katika uadilifu. Iondoe ghadhabu vifuani mwetu, uzipatanishe nyoyo zetu, na uifanye miji yetu na miji ya watu wote kuwa mahali pa amani. Wasamehe wazee wetu, uwarehemu maiti wetu. Amin.

Simameni kwa sala, Mwenyezi Mungu akurehemuni.